Babu Nkwabi na Mvunja Vyungu

Paukwa!

Pakawa!

Hee! Hiyo ndiyo sauti yenu? Mmeshiba viazi vyangu, halafu mnanijibu kama wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Mwenye karanga mdomoni ameze, maana sitaki kusikia mtu anatafuna ninaposema. Hapo zamani za kale, kale ile ambayo hata bibi yake bibi yangu aliisikia tu kwa watu, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi. Jina lake msiniulize, sikuambiwa. Ninachojua ni kwamba wanawake wa kijiji kile walikuwa na mikono. Wakifinyanga chungu cha ugali, kinatoka chungu. Wakifinyanga mtungi wa maji, unatoka mtungi. Na vile vyungu vikubwa vya pombe, jamani, mtu mzima angeweza kuingia ndani akajificha mkwe wake asimwone.

Chungu kikishafinyangwa huanikwa. Wanawake wale walianika vyungu vyao wapi? Katika uwanja mmoja katikati ya kijiji, vyote pamoja, safu kwa safu. Vilikaa pale siku kumi, siku kumi na tano, vikauke polepole ndipo vichomwe. Na chungu kibichi hakina nguvu. Ukikigusa vibaya, pwa! Kimekwisha, kirudishe kwenye udongo.

Sasa sikilizeni maajabu. Watoto wao wadogo, wale wa miaka mitatu, minne, mitano, walishinda wapi? Katika uwanja uleule! Eti ndipo palipo wazi, kila mama amwone wake huku anafinyanga. Vyungu vibichi na watoto wadogo, uwanja mmoja. Nani aliyekaa akafikiria hivyo? Nami najiuliza mpaka leo.

Basi kutwa nzima ilikuwa ni kelele. "Usiguse! Usikimbie! Usipande hapo! Usirushe hicho!" Usi, usi, usi! Asubuhi usi, mchana usi, jioni usi. Na vyungu je? Pwa! Na kile? Pwa! Na cha jirani?

Pwa!

Ehee, mmenielewa.

Kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Mtoto akivunja chungu, mwenye chungu aliokota kigae kimoja, akakitoboa tundu, akakifunga kwenye kamba, akaitundika kamba mlangoni pa mama wa mvunjaji. Upepo ukivuma, ching'i, ching'i, ching'i. Kijiji kizima kinasikia. Kigae cha pili kikija, kinafungwa chini ya cha kwanza. Cha tatu, cha nne. Siku vikitimia saba, mtoto aliondolewa. Alipelekwa kwa ndugu wa mbali, akae huko mpaka apate akili. Wengine walirudi wakubwa. Wengine hawakurudi.

Aliyeilinda desturi hiyo alikuwa Bibi Holo, mkuu wa wafinyanzi. Mwanamke mrefu, mkavu, hacheki ovyo. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba desturi ile ni kali, kwa sababu yeye mwenyewe ilimpata. Mwanawe wa kwanza, Shija, alitimiza vigae saba akiwa na miaka mitano. Bibi Holo alikifunga kigae cha saba kwa mkono wake, akamfungia mtoto nguo, akampeleka kwa kaka yake, mwendo wa siku mbili ng'ambo ya mto. Akarudi akafinyanga. Watu wanasema hakulia. Shija akakulia huko, akaoa huko, na kwao hakutia mguu tena.

Bibi Holo alikuwa na binti pia, Nyamizi, na Nyamizi alikuwa na mtoto mmoja tu wa kike, wa miaka minne. Jina lake Milembe. Lo, Milembe! Macho makubwa, tumbo mbele, kimya kama hayupo. Na mlangoni pa mama yake palining'inia vigae vingapi?

Sita.

Nyamizi alikuwa mjane. Mtoto yule ndiye aliyekuwa mtu wake wa kuzungumza naye nyumbani. Kila asubuhi alipofungua mlango vile vigae vilimgonga kwenye paji la uso, ching'i, naye akamshika Milembe mabegani. "Leo usiguse kitu, mwanangu. Unanisikia? Usiguse!" Milembe aliitikia kwa kichwa. Kisha akaenda uwanjani.

Sasa msimu wa kuchoma ukakaribia. Wasichana waliokuwa wakiwachunga watoto wakahitajika porini kukusanya kuni na majani. Nani abaki na watoto? Huyu ana kazi, yule ana mimba. Wakageuka huku, wakageuka kule, wakamwona Babu Nkwabi.

Babu Nkwabi hakuwa mfinyanzi. Alikuwa mfuata nyayo. Ng'ombe akipotea, mbuzi akiibwa, mtu akipotelea porini, aliitwa yeye. Aliinama, akatazama mavumbi, akasema, "Amepita hapa, alikuwa na kiu, mguu wa nyuma unamuuma." Na kweli, wakifuata wanamkuta ng'ombe mtoni, anachechemea. Lakini siku hizo nyonga yake ilikuwa imeharibika. Alitembea kwa fimbo, twa, buruu, twa, buruu. Porini hakufaa tena. Wakasema, haya, akae na watoto, angalau hataondoka mbio.

Bibi Holo akamletea ufito.

"Mzee, huu hapa."

"Wa nini? Fimbo ya kutembelea ninayo."

"Wa kuwatisha."

"Holo," akasema Babu, "nimetafuta ng'ombe waliopotea miaka arobaini. Sikumpata hata mmoja kwa kumtisha."

"Hawa si ng'ombe."

"Ndiyo maana na mimi siwajui. Hebu niache kwanza niwatazame."

Bibi Holo akaguna, mmh, akaondoka na ufito wake.

Siku ya kwanza Babu Nkwabi hakufanya kitu. Kitu chochote! Alikaa juu ya kinu kilichopasuka, akatazama. Watoto wakakimbia, akatazama. Wakapigana, akainuka twa, buruu, twa, buruu, akawatenganisha, akarudi kukaa, akatazama. Vyungu viwili vikavunjika. Wanawake wakacheka. "Mzee analala macho wazi huyu!" Jioni watoto walipokwenda, yeye akabaki ameinama uwanjani peke yake, pua karibu na vumbi, akisoma nyayo ndogondogo. Bibi Holo akampita.

"Umepoteza nini?"

"Sijapoteza. Natafuta walikuwa wanakwenda wapi kabla hawajavunja."

"Walikuwa wanakwenda kuvunja!"

"Labda," akasema Babu. Lakini hakuinua uso.

Kulikuwa na mtoto mmoja, Doto, mwenye meno. Kila siku aliuma mtu. Mama yake alimfinya, akauma. Alimfungia ndani, akatoka, akauma. Babu alimtazama siku ya kwanza, siku ya pili, akaona kitu. Doto haumi asubuhi. Doto haumi jioni. Doto anauma pale kivuli cha nyumba kinapofika kwenye kinu, jua linapokaribia utosi. Siku ya tatu, kivuli kabla hakijafika, Babu akamwita. "Doto, njoo ule." Akampa kiazi cha kuchoma. Doto akala, akajifuta, akaenda kucheza. Hakuuma mtu. Kesho yake vilevile. Mama yake akaja mbio. "Babu, umempa dawa gani?"

"Kiazi."

"Kiazi cha nini?"

"Cha njaa, mama. Mtoto wako alikuwa na njaa."

Yule mama akasimama pale mdomo wazi, maana njaa ya mtoto wake mwenyewe ameonyeshwa na mzee asiyejua kupika.

Na mbio je? Babu alikuwa ameziona nyayo. Palipo na njia pana iliyonyooka, watoto hukimbia. Ungekuwa wewe usingekimbia? Akawaita watoto, wakachota majivu, wakachora njia nyembamba inayopindapinda katikati ya safu. "Hapa ni pa miguu," akasema. "Pale ni pa vyungu. Miguu inakaa wapi?"

"Hapaaa!"

"Na vyungu?"

"Paleee!"

Akaacha kabisa kusema usi. Mtoto akianza mbio, badala ya kupiga kelele alimwita jina, taratibu. "Doto. Tembea kama umebeba mtungi wa maji kichwani." Doto akaweka mikono kichwani, akanyoosha shingo, akaenda polepole kama mke wa chifu. Wengine wakamwona, wakamfuata. Ungewacheka! Watoto kumi na wawili wenye mitungi isiyoonekana, na wa mwisho analalamika wake umemwagika.

Na alipotaka kuzungumza na mtoto hakusimama juu yake. Alichuchumaa, nyonga mbovu na yote, mpaka macho yake yakutane na ya mtoto. Kushuka aliweza. Kuinuka ndiyo kazi. Watoto wanne wakamvuta mikono, wawili wakamsukuma nyuma, "Hooo-pa! Hooo-pa!" Nadhani wengine walikosea kwa makusudi ili tu wapate kumvuta.

Siku nne zikapita. Pwa haikusikika. Wanawake wakaanza kuangaliana. Nyamizi akaanza kulala vizuri.

Siku ya tano, saa za asubuhi, uwanja umetulia, Babu anamfunga Doto kidole kilichochubuka.

Pwa!

Kila mtu akageuka. Milembe amechuchumaa mbele ya chungu, jiwe mkononi, na chungu vipande vipande miguuni pake.

Nyamizi alitoka kwenye udongo wake akipiga yowe. Akamshika mtoto mkono, akamtikisa. "Nilikuambia nini? Nilikuambia nini, Milembe? Unataka waondoke na wewe? Unataka nibaki na nani?" Mtoto hakulia. Alitazama jiwe lake. Mama ndiye aliyelia, kwa sauti, mbele za watu, hana hata haya.

Bibi Holo, mwenye chungu, akaja taratibu. Akaokota kigae. Akakitoboa.

"Mama," akasema Nyamizi, "ni mjukuu wako."

"Na Shija alikuwa mwanangu."

"Mama, nakuomba."

"Nikimwacha wa kwako, nitamwambia nini Shija? Kwamba yeye nilimtupa bure?" Mikono yake ilifunga fundo, ikalikaza. "Mjumbe ataondoka leo. Shija aje siku ya kuchoma, amchukue. Kwake kuna watoto, hatakufa."

Ching'i. Saba.

Wanawake wakarudi kwenye kazi, wameinamisha vichwa. Babu Nkwabi akaja, twa, buruu, twa, buruu, akaketi kwenye vumbi karibu na Milembe. Wakakaa hivyo mpaka mtoto akaacha kukaza mabega.

"Umeogopa," akasema Babu.

Milembe akaitikia kwa kichwa.

"Kwa nini umevunja?"

Milembe akatazama vigae.

Babu akajikuna kidevu. Akajiambia, hilo ni swali la watu wazima. Hata mimi ukiniuliza kwa nini nilimwoa mke wangu wa kwanza sijui. Akaligeuza.

"Ulikuwa unafanya nini, Milembe? Hebu nionyeshe."

Akamsogezea chungu cha zamani kilichokwishachomwa, chenye mdomo uliomeguka. Milembe akamtazama kama haamini. Kisha akachuchumaa. Akafumba jicho moja. Akabana midomo. Akachukua jiwe akagonga, ti, ti, ti. Akainamisha sikio.

"Mmh," akasema. "Huyu mzima."

Akakiendea kingine, chenye ufa, kilichotupwa kando. Akagonga. Tu, tu.

"Huyu mgonjwa. Haitiki." Akainua jiwe juu zaidi, ili kiitike.

Babu akaudaka mkono wake hewani. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, mpaka akalala chali kwenye vumbi, na watoto wakaja mbio wakidhani ni zamu ya kumwinua.

Mmekwishajua? Hamjajua bado? Basi niwaambie. Mfinyanzi, kabla ya kuchoma, huvipitia vyungu vyake kila asubuhi. Hugonga kila kimoja kwa kidole asikie. Chungu kizima kinaitika, ti. Chenye ufa hakiitiki, na ukikitia motoni kinapasuka na kuvunja wenzake. Nyamizi alifanya hivyo kila siku, amefumba jicho moja, amebana midomo, anasema peke yake, huyu mzima, huyu mgonjwa. Na kidole cha mtu mzima ni kigumu. Cha mtoto wa miaka minne hakitoi sauti. Basi mtoto akatafuta jiwe.

"Nyamizi!" akaita Babu. "Njoo. Kaa hapa. Usiseme kitu. Milembe, mwonyeshe mama."

Milembe akafumba jicho moja. Akabana midomo. Ti, ti, ti.

"Uso wa nani huo?" akauliza Babu.

Nyamizi akaweka mkono wenye udongo mdomoni. "Wangu," akasema.

"Miezi yote hii mtoto anafanya kazi yako. Na sisi kazi yetu ni kumwambia usiguse. Hakuna aliyemwambia aguse vipi."

"Sasa nimwache aguse vyungu vya watu?"

"Mfundishe kwenye vyako. Asubuhi ukipita, pita naye. Nusu ya asubuhi tu. Ukimaliza, mimi nitampa hivi vya zamani agonge mpaka achoke."

"Na Shija anakuja."

"Anakuja," akasema Babu. "Hilo sijui bado tulifanyeje."

Kesho yake Nyamizi akapita safu zake na mtoto pembeni. "Kwa kidole, mwanangu. Hivi. Mara mbili, halafu sikio karibu kabisa." Milembe akagonga, akaweka sikio mpaka likapata vumbi. Akasikia! Uso wake ukafunguka wote. Siku ya pili alisahau, akaokota jiwe. Nyamizi alishavuta pumzi ya kupiga yowe, Babu akamwahi. Akachuchumaa. "Jiwe ni la vyungu vilivyochomwa, kule kwangu. Kidole ni cha vibichi, huku kwa mama. Unataka kuwa wapi?" Milembe akafikiri. Akafikiri sana, jamani, kama mtu anayegawa urithi. Akaweka jiwe chini.

"Umeliweka mwenyewe," akasema Babu. "Nimekuona."

Siku ya tatu, hakuna pwa. Siku ya nne, hakuna pwa. Siku hiyo Milembe akakiwekea sikio chungu kimoja kwa muda mrefu, akasema, "Mama, huyu anaumwa." Nyamizi akakigeuza, akakuta ufa mwembamba chini, unywele tu. Akaenda kwa mama yake anakimbia.

Bibi Holo akamsikiliza mpaka mwisho. "Nimefurahi," akasema. "Lakini saba ni saba." Na usiku ule, wanasema, taa yake haikuzimwa.

Siku ya kuchoma ikafika. Kuni zimerundikwa, majani makavu yamerundikwa, vyungu vinahamishwa kimoja kimoja kutoka uwanjani. Shughuli! Jasho! Milembe alikuwa amefungiwa nguo zake kwenye kifurushi, kimewekwa juu ya jiwe karibu na nyumba. Nyamizi alibeba vyungu bila kukitazama kifurushi kile.

Shija akaja. Mwanaume mkubwa, mabega kama mlango, miguu yenye vumbi la siku mbili. Hakumsalimu mtu. Aliufuata uwanja moja kwa moja, akaingia katikati ya safu, akasimama. Alikuwa hajaukanyaga uwanja ule tangu alipokuwa na miaka mitano. Akaanza kugeuka, anatafuta dada yake.

Wanawake wakaona amesimama wapi.

"Usikanyage!" akaruka mmoja.

"Usirudi nyuma!" akaruka wa pili.

"Usigeuke!" "Usiguse!" "Usi!" "Usi!" "Usi!"

Shija akashtuka kulia, akashtuka kushoto, akarudi nyuma hatua moja.

Pwaaa!

Chungu cha pombe. Kikubwa kuliko vyote. Cha Bibi Holo.

Lile jitu likasimama na vigae mpaka kwenye vifundo vya miguu. Na midomo yake, nyie, midomo ya mwanaume mwenye ndevu, ikaanza kutetemeka. Hakuna mtu aliyejua atazame wapi.

Milembe akaja kwenye njia ya majivu, taratibu. Akamshika mjomba wake kidole kimoja.

"Mjomba, pa miguu ni huku. Njoo."

Shija akaja. Milembe akamvuta chini, akachuchumaa, macho kwa macho.

"Umeogopa," akasema mtoto.

"Nimeogopa," akasema Shija.

"Ulikuwa unafanya nini?"

Mjomba mtu akajifuta uso. Akamtazama mtoto. Kisha akainua macho, akamtazama Bibi Holo aliyesimama upande wa pili na mikono yake mirefu imening'inia.

"Leo nilikuwa namtafuta dada," akasema. "Lakini siku ile, mama. Siku ile ya kigae cha saba. Hujawahi kuniuliza siku ile nilikuwa nafanya nini."

Bibi Holo akasogea hatua moja. Akasogea ya pili. Sauti yake ilitoka imekauka.

"Ulikuwa unafanya nini, baba?"

"Ulikuwa unafinyanga chungu kama hiki. Uliingiza kichwa ndani kulainisha, na ulikuwa unaimba. Sauti yako ilitoka mle kubwa, nzuri. Kisha ukaenda mtoni. Nikadhani sauti imebaki humo. Nikakiinamisha niisikie tena, kikanielemea."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa na miaka mitano, mama. Nilingoja uniulize. Nilingoja njia nzima, siku mbili, umenishika mkono."

Bibi Holo akaketi pale pale kwenye vumbi, yule mwanamke ambaye watu walisema halii. Akalia. Alilia kwa sauti ya juu, kwa miaka yote ile, na hakuna aliyemnyamazisha. Shija akaenda kwa magoti akakaa karibu naye. Hakuwa amesamehe yote, tusidanganyane, uso wake ulionyesha. Lakini alikaa.

Alipoweza kusema, Bibi Holo akauliza, "Ulikuwa wimbo gani?"

Shija akauimba, kwa sauti yake nene, ubeti mmoja. Aliukumbuka wote.

Milembe hakwenda popote. Shija mwenyewe alisema, "Mimi mtoto wa mtu simbebi kutoka uwanja huu." Vyungu vikachomwa, vikatoka vyekundu. Kamba za vigae zikateremshwa kwenye milango yote, na Bibi Holo ndiye aliyezikata, kisu mkononi, mlango kwa mlango, akiwaomba radhi kina mama mmoja mmoja. Watoto waliokuwa mbali wakatumiwa wajumbe. Baadhi walirudi. Wengine walisema wamekwishazoea huko, na mama zao wakalazimika kulisikia hilo.

Babu Nkwabi alikaa na watoto mpaka akafa. Tena aliwafundisha akina mama, maana aliwakuta wakubwa lakini wenye kujifunza. Mpaka leo kijiji kile, mtoto akiharibu, mzee mmoja humwambia mwenzake, "Hebu mtazame kwanza, kama Nkwabi."

Ndiyo fundisho lake, na ninawaambia nyinyi wenye watoto, hasa wewe unayejifanya hunisikii. Mtoto mdogo akikosea, kuna kitu alikuwa anakitafuta. Shuka chini umwulize, na umwulize mapema, kabla hajawa mtu wa ndevu. Ukishajua, mwambie afanye nini na umwonyeshe. Ukimwambia usi peke yake, umemwachia mikono mitupu, na mikono ya mtoto haikai mitupu.

Hadithi yangu naitua hapa, nimeibeba vya kutosha. Anayeitaka na aichukue.